Mikono ya Mkwe

Jumanne, tarehe 14 Machi, 2062. Asubuhi ilikuwa ya mvua nyembamba, ile isiyopiga kelele juu ya bati lakini inayolowesha mpaka kwenye mfupa. Ukungu ulikuwa umeikalia Mbeya yote, hata kutoka dirisha la ghorofa ya pili sikuuona mti uliopo mlangoni pa Kituo.

Nilisali nikiwa nimesimama, kama ilivyo kawaida yangu kabla ya kuvaa glavu. "Bwana, mikono hii ni yako kabla haijawa yangu." Kisha nikaketi, nikaingiza mikono mpaka kwenye viwiko, nikasubiri glavu zijae joto.

Wauguzi wa Kituo cha Mikono tulikuwa sitini, na wagonjwa wetu mia tisa, kila mmoja kitandani kwake, kutoka Kyela mpaka Chunya. Kando ya kitanda cha mgonjwa kulikuwa na nguzo fupi yenye mikono miwili iliyovikwa mpira laini. Nikikunja kidole Mbeya, kidole kilikunjwa huko, kikichelewa kwa muda wa kupepesa jicho. Nikigusa ngozi yenye homa, nilihisi homa. Chini ya kila kiganja palikuwa na kamera ndogo iliyoona shubiri moja tu: ilionyesha kidonda, haikuonyesha uso.

Mikono hiyo haikuwa na mdomo. Sauti ya mgonjwa ilinifikia sikioni ikiwa imechujwa na mashine, lakini yangu haikumfikia. Tulijibu kwa kubana: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mwaka wa kwanza wauguzi walikuwa wakijitambulisha, na wagonjwa wakawa wanawapigia simu hata msibani. Kituo kikaamua kwamba mikono haitakuwa na jina.

Mgonjwa wangu wa saba alikuwa mzee mwenye kisukari na kidonda kwenye kisigino cha kushoto. Hiyo ilikuwa siku yake ya kumi na moja kwangu. Daktari aliandika: kioshwe kila siku kwa miezi minne bila kuruka, vinginevyo mguu utakatwa. Kila Jumatano na Jumamosi nilimwogesha mwili mzima.

"Mikono, leo umechelewa," alisema. "Ng'ombe wamekamuliwa, chai imenywewa, ndiyo kwanza unafika."

Nilibana mara mbili.

"Usinibishie. Najua ni dakika mbili tu. Nakuchokoza."

Siku tatu za kwanza alikuwa kimya kama jiwe la kusagia. Siku ya nne alisema "Ndaga," asante ya kwetu, na tangu hapo hakunyamaza tena. Nilichovya kitambaa kwenye maji ya chumvi na kuanza kuosha kuzunguka kidonda.

"Una watoto?"

Nikabana mara moja.

"Watatu?"

Mara mbili.

"Wawili, basi. Kama mwanangu Ambakisye, yuko huko Mbeya. Mkewe naye ni muuguzi kama wewe. Anaitwa Subilaga. Labda mnajuana."

Mikono yangu iliganda. Taa ya njano iliwaka mezani, na maandishi yakatokea: *Mikono imesimama. Unahitaji msaada?* Nilibonyeza kwa kiwiko: *Hapana.*

Subilaga ni mimi. Ambakisye ni mume wangu.

Wasiotoka kwetu Rungwe watashangaa nilivyoweza kumhudumia baba mkwe wangu siku kumi na moja bila kumjua. Kwetu mke hamtazami baba wa mume wake. Haingii nyumbani mwake, hazungumzi naye, hataji jina lake. Wengi wameiacha desturi hiyo, lakini nyumba ile haijaiacha. Mwaka nilioolewa nilikutana naye njiani, nikarukia kwenye shamba la chai na ndoo ya maji kichwani, nikatoka na mikwaruzo hadi shingoni. Kwa miaka kumi na minne nilijua kikohozi chake, mlio wa fimbo yake, na mgongo wake kwa mbali. Jina lake sikulijua. Mume wangu alimwita Baba, wifi yangu alimwita Tata, na mimi sikumwita.

Ndipo kosa lilipotokea. Kituo kilitukataza kuhudumia ndugu, na kila muuguzi alijaza majina ya jamaa zake ili mashine isimpangie. Nami nilijaza: *Baba mkwe, ukoo wa Mwaipasi.* Ndilo nililolijua. Kumbe wagonjwa waliandikwa kwa jina la ubatizo na jina la baba mzazi, bila ukoo wala kijiji. Nilijua kwamba baba mkwe amepewa mikono. Lakini jina lilipotokea kwenye orodha yangu, mashine iliniuliza kama namjua mtu huyo. Nikajibu kwa moyo mweupe: simjui. Jina lenyewe sitaliandika hapa hata leo.

Nilipaswa kuvua glavu papo hapo. Lakini kidonda kilikuwa wazi, nimekiosha nusu. Nilifumba macho ili nisiutazame mguu wa baba mkwe, nikamaliza kwa kupapasa. Vidole vilijua njia.

"Leo una mkono mwepesi, Mikono," alisema. "Kama unaogopa kuniamsha."

*

Jioni nilimwekea Ambakisye ugali na maharage, nikaketi mbele yake.

"Jina la baba ni nani?"

Alicheka. "Miaka yote hii, leo ndiyo unaniuliza? Unataka kumwita?"

"Nataka kujua nilichofanya."

Alilitaja polepole, kama mtu anayemhurumia anayesikiliza. Nikamweleza yote. Mwanzoni aliendelea kucheka, maana Ambakisye ni fundi wa pampu za maji na kila kitu kilichoharibika humchekesha kwanza. Kisha tonge likaishia njiani.

"Lakini umemwosha mguu tu."

"Mguu kila siku. Mwili mzima, Jumatano na Jumamosi."

Alirudisha tonge sahanini. 

"Akijua, ataiondoa ile mashine," alisema. "Unamjua Baba. Atakaa na kidonda mpaka kimle."

"Najua."

"Ukiomba abadilishiwe muuguzi?"

"Tuliosomea vidonda tuko tisa tu. Zamu yake kwa mwingine itafika Julai."

"Basi asijue, Subi. Mguu ukipona, unajitoa kimyakimya. Pengine Mungu ndiye aliyeipanga orodha hiyo."

"Orodha imepangwa na mashine, Ambakisye. Tusimsingizie Mungu."

 Lakini sikwenda kusema Kituoni.

*

Niliendelea kumwosha bila kusema, siku kumi na nane. Nilijiambia ni kwa ajili ya mguu, na ni kweli mguu ulikuwa unapona. Kingo za kidonda zilikuwa nyeusi, zikageuka nyekundu, na katikati ikaanza kuota nyama changa ya rangi ya ufizi wa mtoto. Nilifurahi kama niliyeona mahindi yakichipua.

Ila furaha hiyo haikuwa safi. Kila mgonjwa alitengewa dakika ishirini. Wengine niliwapa ishirini, yeye nikampa thelathini na tano. Mgonjwa aliyemfuata alikuwa bibi mmoja wa Kyela, mpole, ambaye hulala na bandeji iliyolowa mpaka nifike. Bibi huyo hakulalamika. Binti yake ndiye aliyeandika Kituoni: *Tunaomba kujua, je, mama yetu amekosa nini?* Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Wakati naanza kazi nilikuwa nimeiona kanuni ya kutohudumia ndugu kuwa ni ukatili wa watu wa ofisini. Sasa nilielewa imeandikwa kwa ajili ya nani.

Na sala ilikuwa imenigomea. Nilisimama asubuhi, nikaanza, "Bwana, mikono hii," nikaishia hapo.

Jumamosi ya kwanza ya Aprili ilikuwa siku ya kumwogesha. Wifi yangu Tupokigwe, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akiishi naye, alimwekea beseni la maji ya moto kama kawaida kisha akaenda sokoni. Nilimsugua mgongo macho yangu yakiwa yamefumbwa.

"Mikono," alisema, "wewe huna mdomo, ndiyo maana nakwambia."

Nikabana mara moja, polepole.

"Yule mkwe wangu muuguzi. Alipotaka kusoma shule ya jioni alikuwa na miaka thelathini na moja, na watoto wawili. Nilimtuma marehemu mke wangu kwa mwanangu nikamwambia, mwambie mke anayesoma jioni hana nyumba. Hilo nadhani alilisikia."

Nililisikia. Nililia nalo wiki nzima, kisha nikaenda shule.

"Lakini nilisema na lingine. Mbele ya ndugu zangu, kwenye arusi ya watu. Nilisema hasomi kitu huyo, anatafuta wanaume wa mjini. Marehemu alinitazama, akainuka, akaenda kukaa nje. Hakunisemesha siku tatu."

Hilo sikuwa nimelijua. Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu, maji yakidondoka. Niliwakumbuka wale ndugu zake, nyuso zao zote, namna walivyonikaribisha chai kila Krismasi huku wakilijua. Damu ilinipanda.

"Kisha marehemu alipougua, ni huyohuyo aliyekuja kumuuguza, kwenye chumba cha uani kilichoegemea ukuta wangu. Wiki tatu. Mimi nilikaa upande wangu wa ukuta nikisikia miguu yake, inakwenda, inarudi, hailali. Alikuwa anamwimbia. Nilitaka kumwambia neno. Ningelisemaje? Kwetu baba mkwe hana mdomo kwa mkwe wake. Nikimtuma mwanangu, neno litafika limepoa. Nitakufa nalo." Alikohoa. "Mikono, unadhani angenisamehe?"

Mashine ya Kituo huhesabu kila kitu. Baadaye nilionyeshwa kwamba nilikaa sekunde arobaini bila kusogea. Katika sekunde hizo nilikuwa na hasira, nikamwomba Mungu aiondoe, hakuiondoa yote. Na kwa ile iliyobaki, nilibana bega lake mara moja.

Alipumua kwa nguvu. "Ndaga," alisema. "Ndaga fijo." Asante sana.

Nilijua wakati uleule kwamba nimeiba. Alikuwa amemwuliza mtu wa kando, na aliyejibu ni mkwe. Alikuwa amevua moyo wake mbele ya mikono isiyo na mtu, kama alivyovua shuka, na kumbe palikuwa na mtu. Nilimkausha, nikamfunika, nikafunga bandeji. Kisha nikavua glavu, nikapanda ngazi kwenda kwa Matroni.

*

Matroni Kokushubira ni Mhaya wa Muleba, mwenye miwani inayoning'inia kifuani na maneno yasiyoning'inia popote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ngoja," alisema. "Miaka kumi na minne ndani ya ndoa, hujui jina la mkweo?"

"Kwetu hatulitaji, Mama."

"Hata kwenye kadi ya arusi?"

"Iliandikwa Mzee Mwaipasi na mkewe."

"Mungu wangu. Mashine imegharimu jasho la nchi nzima, na mwanya wake ni adabu ya Wanyakyusa." Alivaa miwani, akafungua kumbukumbu zangu. Aliona siku kumi na moja za kutojua, aliona siku kumi na nane za kujua. Aliona pia dakika za yule bibi wa Kyela. Hapo hakutania tena.

"Ungenyamaza, hakuna ambaye angegundua."

"Ningegundua mimi."

"Wewe uligundua tarehe kumi na nne, Subilaga. Leo ni tarehe moja."

Niliinamisha kichwa.

Kanuni haikuwa na mjadala. Siku tisini bila kugusa glavu. Siku ya tisini na moja ningepaswa kufika mwenyewe Kituoni saa moja asubuhi. Nisipofika, kiti changu angepewa mwingine, na waliokuwa wakikingoja ni mia mbili. Baba mkwe angetafutiwa muuguzi, lakini hata Matroni alipopekua orodha kwa mikono yake mwenyewe, nafasi ya kwanza aliyoiona ilikuwa wiki ya kwanza ya Julai.

"Mguu wake hauwezi kungoja Julai," nilisema.

"Hauwezi." Alivua miwani. "Mwanangu, una mikono mingine hiyo uliyozaliwa nayo. Nenda kwanza kamwambie. Mtu asipate habari za mwili wake kwa majirani."

*

Tulifika kijijini Jumapili mchana. Niliingia moja kwa moja kwenye jiko la nje lililokuwa la marehemu mama mkwe, kama ilivyo desturi, na Ambakisye akaingia nyumba kubwa kumweleza baba yake. Nilipiga magoti kando ya mafiga. Niliisikia sauti ya mume wangu, ndefu, bila maneno. Kisha fimbo ikapiga sakafu mara moja.

Ambakisye alirudi akiwa amevimba macho.

"Amesema mashine iondolewe chumbani."

"Na mimi?"

"Hakusema lolote juu yako. Amegeukia ukutani."

Jumatatu hakuoshwa. Jumanne Tupokigwe alijaribu. Wifi yangu ni jasiri wa kila kitu isipokuwa usaha. Nilisimama kwenye mlango wa jiko, yeye akiwa chumbani dirisha likiwa wazi, na ua mzima katikati yetu.

"Wifi!" alipaza sauti. "Kuna ngozi nyeupe pembeni, niikate?"

"Usiikate! Iloweshe kwanza!"

"Imelowa! Inatoa maji ya njano!"

"Ya njano nyepesi au nzito?"

"Nitajuaje? Sijawahi kuyapima!"

Sauti ya mzee ikatoka dirishani. "Mnaninadi mnadani? Mbona hamtangazi na uzito?"

Tupokigwe alitoka mbio, akatapika nyuma ya migomba.

Jumatano harufu ilifika mpaka jikoni. Muuguzi wa vidonda anaijua harufu hiyo, haihitaji kuelezwa. Nilihesabu: siku nne zaidi, tano zikizidi, kisha nyama changa yote ingegeuka, na baada ya hapo ni msumeno. Nilifunga kanga kichwani, nikachemsha maji ya chumvi, nikayaweka kwenye beseni mlangoni mwa nyumba kubwa, nikakaa chini kando yake. Sikuingia, wala sikuondoka. Nilisali bila maneno, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu sala ilikwenda mpaka mwisho.

Maji yalipoa. Nikayapasha tena, nikayarudisha. Yalipopoa mara ya tatu, nilimsikia akimwita mwanawe.

"Nani yuko mlangoni?"

"Unamjua, Baba."

Fimbo iligonga sakafu. Kisha, "Kamwite Mchungaji. Na Gwamaka. Tupokigwe naye aje. Nataka watu."

*

Walikuja saa tisa alasiri, mvua ikiwa imekatika. Tupokigwe alitundika shuka kwenye kamba, kutoka ukuta mpaka ukuta, sebuleni. Upande mmoja alilazwa baba mkwe kwenye kochi, mguu juu ya mto. Upande wa pili nilikaa mimi kwenye mkeka, beseni mapajani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa ndani ya nyumba ile. Mchungaji Anosisye wa Kanisa la Moraviani alikaa penye mwisho wa shuka, mahali alipotuona wote wawili. Mzee Gwamaka, rika la baba mkwe tangu walipochunga ng'ombe pamoja, alichukua kiti chenye mto.

"Mwambieni," baba mkwe alianza, akielekeza maneno kwa wageni kama ilivyo adabu. "Mwambieni mkwe wangu kwamba..." Alisita. "Hapana. Hili likipita midomo mitatu litapoa. Nitasema mwenyewe, yeye asikie."

"Umeanza mambo," alisema Mzee Gwamaka.

"Nyamaza, Gwamaka. Wewe ulikuwepo kwenye arusi ile, na ulicheka."

Mzee Gwamaka akanyamaza.

"Nilimsingizia mtoto wa watu," alisema baba mkwe. "Nilipotaka kutubu, nikatubu kwa mpira na waya. Nimekaa siku tatu na aibu nikidhani ni aibu ya kuoshwa. Leo nimeona siyo hiyo tu. Ni aibu ya maneno niliyoyasema, na kwamba aliyaosha bila kuniambia ni yeye." Alitulia, akapata pumzi. "Yeye naye alinikosea. Alijua, akanyamaza. Hilo nalisema mbele yenu ili nisije kulisema nyuma yake."

"Ni kweli," Mchungaji alisema, akinitazama. Nilitikisa kichwa kukubali, machozi yakidondokea kwenye beseni.

"Desturi yetu iliwekwa ili mke wa mwanangu awe salama kwangu, na macho yangu, na mkono wangu. Haikuwekwa nijifunike nayo nioze. Shuka libaki. Mguu utapita chini yake. Lakini nina sharti."

Ambakisye aliinua kichwa.

"Nawajua wanawake wa mlima huu. Anakuja kumuuguza mzee miezi mitatu, mzee hafi, wala haponi, na kule kazini wanamsahau. Anazeekea jikoni. Zamani hivyo ndivyo nilivyotaka iwe kwake. Mungu amenisikia vibaya, ananiletea nilichoomba wakati sikitaki tena." Mzee Gwamaka alitaka kucheka, akajizuia. "Zimeshapita siku nne. Zimebaki themanini na sita. Ataniosha siku hizo. Zikiisha, aende kazini. Hata kama kidonda hakijafunga. Hata kama nimelala hapa nakata roho, asiningoje. Nataka aahidi, mkiwa mnasikia. Nami sitaki kubanwa bega. Kwa mdomo."

"Mkwe azungumze mbele yako?" Mzee Gwamaka alisema. "Mbingu zitaanguka."

"Zikianguka zitakukuta umekaa. Hata wimbo wa mwisho kanisani husimami."

Kila mtu alicheka, na katika kicheko hicho niliuona mguu ukipenya chini ya shuka, umevimba, bandeji imekauka, kisigino kikitafuta mahali pa kutua. Niliweka kiganja changu chini yake. Ulikuwa mzito kuliko nilivyoujua. Glavu hazipimi uzito wote.

Wakanisubiri. Kwa miaka kumi na minne hakuwa amesikia sauti yangu isipokuwa kwa nyuma ya ukuta, nikimwimbia mkewe.  Sharti lake lilikuwa gumu kuliko alivyodhani: kumwosha kulikuwa kwepesi kwangu, kuinuka na kumwacha, hapo ndipo ningehitaji kushikwa mkono na Mungu. Nilimtazama mume wangu. Alinitikisia kichwa kukubali.

"Baba," nilisema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine, nikaanza upya. "Baba, ni mimi. Siku ile ulipouliza swali lako, aliyekubana bega nilikuwa mimi, na jibu lile ni langu. Silirudishi."

 Mguu ulinilalia wote kiganjani.

"Mimi Subilaga, mke wa Ambakisye, nasema mbele ya Mungu, mbele ya Mchungaji, na Mzee Gwamaka, na wifi yangu, na mume wangu. Nitakuosha mguu huu siku themanini na sita. Siku inayofuata, saa moja asubuhi, nitakuwa Kituoni, hata kama nitakuacha unaumwa, hata kama nitakwenda nalia. Na kuanzia leo sitamgusa mgonjwa yeyote, kwa mikono hii au kwa ile ya mashine, kabla hajajua kwamba ni mimi. Kituo wakinikatalia, nitawaambia niliahidi."